Wanyama Waamkao Ili Wapate Kulala

Katika mwaka 1989 Brian Barnes, mwanachuoni wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Alaska mjini Fairbanks, aliwaarifu wenzake jambo ambalo, lau lingalitoka kinywani mwa msafiri tu, lingalihesabiwa miongoni mwa ngano za mabaharia: ya kuwa kindi wa ardhini wa nchi za kaskazini, mnyama mwenye damu ya moto kama sisi na anyonyeshaye watoto wake kama sisi, hupoa wakati wa kipupwe hata joto la tumbo lake likashuka nyuzi 2.9 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango ambacho maji huwa barafu, na juu ya hayo yote hafi. Hukaa hivyo kwa majuma mawili au matatu mfululizo, amejikunja ndani ya tandiko la nyasi kavu katika shimo alilolichimba mwenyewe, ilhali ardhi iliyomzunguka imeganda kwa barafu. Moyo wake, ambao wakati wa kiangazi hupiga mara 200 na zaidi kwa dakika, hupiga mara chache zenye kuhesabika kwa vidole. Pumzi huja, zikakoma, zikaja tena. Mtu akimtwaa mkononi atadhani ametwaa maiti, na pengine atamtupa.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni hiyo damu isiyoganda. Wako samaki katika bahari za baridi kali ambao damu yao ina protini maalumu ya kuzuia barafu, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba kindi naye amejaaliwa dawa ya namna hiyo; walakini damu yake ilipochunguzwa, dawa haikuonekana. Inavyoelekea, maji ya mwili wake hupoa kupita kiwango cha kuganda pasipo kuganda, kwa kuwa hakuna punje ambayo barafu ingeweza kuanzia kujijenga juu yake, na hiyo ni hali ya hatari, maana chembe moja ya barafu ingetosha kuanzisha msiba ambao hauna wa kuuzuia. Kichwa na shingo hubakia na joto kidogo zaidi, juu ya sifuri kwa kadiri ndogo, kana kwamba mwili umeamua ni kiungo kipi kisichofaa kuwekwa rehani.

Hali hii, ingawa kwa macho hufanana na usingizi, si usingizi, nami katika makala haya nitaiita ganzi. Mtu aangukaye katika maji ya barafu hupozwa kwa kushurutishwa: mwili wake hupigana, hutetemeka, huteketeza akiba yake ukitafuta joto, hata nguvu zikamwishia, na joto lake likishuka hadi nyuzi 28 au karibu na hapo moyo huwa hatarini kuacha mwendo wake wa taratibu na kuanza kutapatapa. Kindi hufanya kinyume cha hayo. Yeye huupunguza kwanza moto wa mwili, yaani ule uchomaji wa chakula uendao ndani ya kila seli, kisha baridi hufuata nyuma. Na moto huo hushuka hata ukawa kiasi cha asilimia 2 tu ya kawaida yake, ukabaki kama kaa lililofukiwa majivuni usiku, ambalo halitoi mwako wala halizimiki. Wala haifai kudhani kwamba mnyama ameuacha mwili wake ovyo. Ardhi ikizidi ubaridi, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hata kwetu sisi wanadamu ndiyo mwangalizi wa joto, huamrisha moto uongezwe kidogo ili tumbo lisishuke zaidi ya zile nyuzi 3 chini ya sifuri. Kwa hiyo kazi ya kulinda joto haikukoma. Kilichobadilika ni kiwango kinacholindwa.

Mnyama asiyekula kwa muda wa miezi 7 au 8 hana budi kuishi kwa akiba, na akiba yake ni shahamu. Sukari haifai kwa safari ndefu namna hiyo, kwani kwa uzani ulio sawa shahamu hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya sukari; fauka ya hayo, gramu moja ya shahamu ikiunguzwa mwilini huzaa gramu moja na ziada ya maji, na hivyo mnyama wetu, ambaye hana mto wala kisima chini ya ardhi, hunywa kutoka katika kitambi chake. Hii ni shahamu nyeupe, ambayo wengi wetu tunaijua kuliko tunavyopenda kuijua. Iko shahamu ya pili, ya rangi ya hudhurungi, ikaayo baina ya mabega na kandokando ya mishipa mikubwa ya shingo na kifua. Conrad Gessner, tabibu na mwanachuoni wa Zürich, aliitaja katika mwaka 1551 alipoandika habari za marmoti, mnyama wa milima ya Alps aliye katika jamaa ya kindi, naye hakuweza kuamua kama kitu kile ni nyama au ni mafuta. Zilipita karne nne kabla ya kazi yake kujulikana. Katika seli za kawaida uchomaji wa chakula hufungamanishwa na utengenezaji wa nguvu ambayo seli huitumia kwa shughuli zake, na joto ni kitu kinachovuja tu pembeni; lakini katika shahamu ya hudhurungi imo protini iitwayo UCP1, ambayo hukata fungamano hilo, ikaufanya uchomaji wote utoke kuwa joto. Watoto wachanga wa wanadamu huzaliwa nayo, nayo huwapa joto pasipo wao kutetemeka.

Sasa nafika katika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote, nalo ni kuamka. Watu wengi husadiki kwamba mnyama wa namna hii huingia shimoni wakati wa majani kupukutika, akatoka wakati wa maua, na baina ya nyakati hizo mbili hakuna lolote litokealo. Sivyo. Kila baada ya majuma mawili au matatu, pasipo kuamshwa na mtu wala na sauti, kindi huwasha ile shahamu ya hudhurungi. Damu ya kifua hupata moto kwanza, kisha moyo huanza kukimbia, kisha misuli hutetemeka kwa nguvu, na kwa muda wa saa chache joto la mwili hupanda kutoka karibu na sifuri hata likafika nyuzi 36. Akiisha kufika hapo hakai zaidi ya siku moja. Hatoki nje, ambako giza na theluji vinatawala. Hali, maana hakuna cha kula. Bali hutengeneza tandiko lake, akajikunja, akaanza kupoa upya. Na gharama ya vituo hivi vifupi, ukivijumlisha, hupita theluthi mbili ya nguvu zote anazozitumia kipupwe kizima. Mhasibu yeyote akionyeshwa daftari hili atasema kuna israfu. Lakini maumbile, ambayo yangeweza kuifuta desturi hiyo kwa kuwaacha hai wale tu wasioamka, hayakuifuta kwa kindi wala kwa marmoti wala kwa popo wa nchi za baridi, kwa hiyo ni dhahiri kwamba mnyama hununua kitu kwa bei ile kubwa. Ananunua nini?

Katika mwaka 1991 Serge Daan, Barnes na Arjen Strijkstra walitoa jibu ambalo kwa mara ya kwanza mtu akilisikia hudhani ni mzaha: kindi huamka ili apate kulala. Waliyapima mawimbi ya umeme ya ubongo, wakaona kuwa mnyama aliyetoka katika ganzi hutumia sehemu kubwa ya muda wake wa joto katika usingizi wa kweli, tena usingizi mzito wa mtu aliyekesha. Na kadiri ganzi iliyotangulia ilivyokuwa ndefu ndivyo mawimbi ya usingizi huo mzito yalivyokuwa makubwa. Maana yake ni kuwa ubongo uliopoa mno hauwezi kufanya ile kazi ambayo usingizi umewekewa, na uchovu hulimbikizana hata ukalazimika kulipwa. Ni fikra nzuri, nami niliipenda tangu nilipoisoma, ila uzuri wa fikra si shahidi wa ukweli wake. Miaka michache baadaye watafiti waliwazuia kindi kulala baada ya kuamka, wakitazamia kwamba watakapoachwa wataulipa usingizi ule kwa riba kama afanyavyo mtu. Mawimbi yale makubwa hayakurudi. Basi huenda mawimbi hayo si dalili ya uchovu, bali ni dalili ya matengenezo, kwa kuwa imeonekana pia kwamba wakati wa ganzi matawi ya seli za ubongo hunywea, na viungo ambavyo seli hupashana habari kwavyo hupungua, kisha vyote huchipuka upya katika muda wa saa chache za joto. Wenye kuuguza wazee waliopoteza kumbukumbu wanayo sababu ya kuifuatia habari hiyo kwa makini.

Liko jambo jingine, na hili halina shaka nyingi. Kinga ya mwili nayo hupigwa ganzi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002, kindi waliokuwa katika ganzi walipigwa sindano ya kitu kitokacho katika ngozi ya bakteria, ambacho humtia homa mnyama yeyote aliye macho. Wao hawakuonyesha dalili yoyote kwa siku nyingi, hata zamu yao ya kuamka ilipofika, ndipo homa ikawapanda, na kuamka kwao kukawa kurefu kuliko desturi. Askari wa damu, kwa hiyo, hupata ruhusa ya kukagua mji mara moja katika majuma mawili au matatu, na adui aingiaye katikati hana wa kumuuliza.

Adui huyo alikwisha kuja. Katika kipupwe cha mwaka 2006 popo waliokuwa katika pango moja karibu na Albany, katika jimbo la New York, walionekana na ukungu mweupe puani na mabawani. Kuvu hiyo hupenda baridi, na mwili wa popo uliopoa ni shamba lake la kufaa. Lakini haiwaui kwa sumu ya haraka. Inawaudhi, inawakausha, inawafanya waamke mara nyingi kuliko ilivyokadiriwa katika akiba yao. Popo mdogo hubeba gramu chache tu za shahamu, na kila kuamka kusikotarajiwa humlia akiba ya siku nyingi za mbele. Kwa hiyo walionekana wakiruka nje mchana katika theluji, wakitafuta wadudu ambao hawatakuwako hata majira yageuke, wakaanguka. Mamilioni wamekufa katika Amerika ya Kaskazini tangu wakati huo.

Dubu ni kisa cha peke yake. Kwa muda mrefu baadhi ya wanazuoni walikataa kumtia katika safu hii kwa hoja ya kwamba hapoi vya kutosha. Katika Alaska, idara ya serikali inayosimamia wanyama wa porini hulazimika mara kwa mara kuwakamata dubu weusi wenye kuwasumbua watu. Øivind Tøien na Barnes, ambao waliwataka dubu kama wengine wanavyotaka kuwaepuka, waliwapokea, wakawawekea mapango ya mbao msituni, pamoja na kamera na vyombo vya kupimia pumzi na joto. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2011, yalimaliza ubishi: joto la dubu lilishuka hadi baina ya nyuzi 30 na 36 tu, lakini moto wa mwili ulishuka hata ukawa robo ya kawaida, na moyo ukapungua kutoka mapigo 55 hivi kwa dakika hadi kiasi cha 14, ukienda mbio kidogo kila anapovuta pumzi na kukaribia kusimama baina ya pumzi na pumzi. Yaani moto unaweza kupunguzwa bila ya kuungojea ubaridi.

Na dubu ana siri nyingine ambazo kindi hana haja nazo. Kwa miezi 5 au zaidi hali, hanywi, haendi haja. Ile yurea ambayo kwetu sisi, isipotolewa kwa mkojo, hutuua, yeye huirudisha, kwa msaada wa bakteria wa matumboni, ikawa malighafi ya kujenga protini upya. Dubu jike huzaa katika hali hiyo na kunyonyesha. Mtu akilazwa kitandani muda kama huo, misuli hunyauka, mifupa hudhoofu, na damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Dubu hutoka pangoni akitembea. Mintarafu ya damu, katika mwaka 2023 watafiti waliochukua damu ya dubu wa Sweden, kipupwe na kiangazi, walieleza kuwa protini iitwayo HSP47, ambayo husaidia chembe za damu kushikamana, hupungua mno wakati wa kipupwe, na kuwa upungufu wa namna hiyo hiyo huonekana kwa watu waliopooza miaka mingi kwa kuvunjika uti wa mgongo, ambao pia hawaandamwi na maradhi hayo kama ambavyo ingetazamiwa.

Msomaji wa pwani yetu, ambaye theluji anaijua kwa picha, pengine amekwisha kujiambia kwamba habari hizi ni za watu wa kaskazini. Na avuke basi bahari kidogo, mpaka Bukini. Katika misitu ya magharibi ya kisiwa hicho cha Madagaska yuko lemuri mdogo mwenye mkia mnene, na mwaka 2004 Kathrin Dausmann na wenzake walieleza kuwa huingia katika ganzi kwa muda wa miezi 7, ndani ya tundu la mti, akila shahamu ya mkia wake, katika nchi ambayo mchana wa kipupwe joto hupita nyuzi 30. Mwili wake hauna joto lake wenyewe: mti ukipata jua naye hupata moto, usiku ukipoa naye hupoa, nyuzi 20 kupanda na kushuka kila siku. Na hapa ndipo habari ya kuamka inapopata mwangaza mpya, kwani lemuri akaaye katika mti mwembamba, ambao mchana humfikisha nyuzi 30 na zaidi, haamki kabisa; yule aliye katika mti mnene, ambamo joto halipandi vya kutosha, huamka kama kindi wa Alaska. Ile kazi ya siri ifanywayo wakati wa kuamka, iwayo yoyote, yahitaji joto. Jua likilitoa joto hilo bure, mnyama hana haja ya kulilipia.

Katika kisiwa hicho hicho yuko mnyama aitwaye tenreki, ambaye Wamalagasi humwita trandraka na kumfanya kitoweo, na ambaye watu walimvusha zamani mpaka Ngazija na visiwa jirani. Barry Lovegrove na wenzake, katika mwaka 2014, walieleza kuwa tenreki aliyejifukia ardhini aliweza kukaa katika ganzi miezi hadi 9 pasipo kuamka hata mara moja. Kinachowakimbiza wanyama hawa si theluji; ni majira ya ukavu, ambayo huondoa wadudu, matunda na maji. Nami naona kwamba tungaliisoma elimu hii kuanzia Bukini badala ya kuianzia Alaska, tusingalipoteza miaka mingi tukidhani kwamba baridi ndiyo sababu, ilhali sababu ni sahani tupu.

Matabibu waliiona faida ya mambo haya mapema. Wilfred Bigelow, mpasuaji wa Toronto, aliona kwamba mwili uliopozwa huhitaji oksijeni kidogo, basi moyo ungeweza kusimamishwa na kufunguliwa kwa dakika kadhaa bila ya ubongo kudhurika. Alieleza majaribio yake juu ya mbwa mwaka 1950, na tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, F. John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka 5 hadi nyuzi 28, akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake. Bigelow aliwafuga marmoti wengi, akitafuta maji ya mwilini yenye kuleta ganzi, na wakati mmoja alidhani ameyapata, hata ikadhihirika kwamba kitu kile kilivuja kutoka katika mirija ya plastiki ya maabara yake. Hata hivyo kazi yake juu ya baridi haikuwa bure, kwa sababu moyo wa mbwa uliosimama kwa baridi, ukaguswa na kudunda tena, ndio uliomfanya yeye na mhandisi John Hopps watengeneze chombo cha umeme cha kuuendesha moyo.

Alichokitafuta katika damu sasa kinatafutwa katika ubongo. Katika mwaka 2020 Takeshi Sakurai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walieleza kuwa kundi dogo la seli ndani ya haipothalamasi ya panya, zikichochewa, humpoza panya na kumpunguzia moto kwa siku nyingi, kisha panya huyo hurudi katika hali yake bila ya dhara lenye kuonekana. Na wanazuoni wa Harvard walifika karibu na mahali hapo hapo kwa njia ya kuwanyima panya chakula. Panya mdogo wa nyumbani, hata hivyo, anayo tabia ya kuingia ganzi ya saa chache akishikwa na njaa, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba aliamshiwa kitu kilichokuwamo. Ndiyo sababu jaribio la Tsukuba lenye uzito zaidi ni lile walilolifanya kwa panya wakubwa, ambao kwa maumbile hawana tabia hiyo, na ambao nao walipoa. Matabibu hawaombi miezi 7 ya kindi: kwa mgonjwa aliyezibwa mshipa wa ubongo akiwa mbali na hospitali, saa tatu au nne za moto uliopunguzwa zingewatosha.